Muuza chai wa Elwak aliyekataa kuapa kwamba si yeye kwenye filamu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Uzi huu si wa kuchekesha. Mambo haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimesimama palepale. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wengine bado wako hai.

Mimi ni nesi mstaafu, mtu wa Taita. Miaka ya tisini nilipewa transfer kwenda Elwak, mpakani na Somalia. Nilipanda lori la mizigo Garissa, nikashuka Elwak nikiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Jirani na zahanati yetu kulikuwa na mama mmoja aliyekimbia vita Mogadishu. Aliuza chai ya maziwa ya ngamia chini ya turubai. Tulimwita Mama Idil, kwa jina la binti yake wa pekee.

Mama yake mzazi alikuwa mtu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia wanakosema Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Mliowahi kutumwa kaskazini mnajua: ukipata mtu wa kuongea naye vizuri, unamshika kama ndugu.

Alikuwa mtu wa swala, mkimya. Mambo ya Mogadishu hakuyagusa kabisa. Nilidhani ni kwa sababu ya vita.

Idil alikuwa ameposwa na kijana wa Mzee Adan, mfanyabiashara wa ng'ombe. Familia nzuri. Kwa mama na binti wasio na mwanamume wala ukoo wa karibu pale mjini, ndoa ile ilikuwa ndiyo kinga yao.

Sasa, kulikuwa na jamaa mwenye ukumbi wa video. Mabati, mikeka na jenereta. Wanawake wa pale hawakuingia, lakini sisi wanawake wageni tulionekana tumeshapotea, hakuna aliyetujali.

Jumamosi moja mchana niliingia na walimu wawili. Kanda ilikuwa ya zamani, filamu ya Mogadishu, haina rangi, picha inatetemeka.

Akatokea mwanamke kijana. Kichwa wazi, mabega wazi, sigara mkononi. Mume wake mzee anamfokea, yeye anamwangalia tu. Halafu anacheka. Wakuu, kile kicheko! Anacheka hadi mzee anatafuta pa kuweka uso, kisha anachukua viatu vyake na kutoka.

Vijana walipiga miluzi.

Mara mtu mmoja akasimama. "Wallahi, huyu ni Mama Idil! Angalieni pengo la meno!"

Mimi nilimjua papo hapo, kwa sababu lile pengo la meno nilikuwa nalitazama kila asubuhi nikinywa chai.

Kabla ya magharibi mji mzima ulikuwa unajua. Kesho yake hakuna aliyekunywa chai yake. Siku zilizofuata turubai lilipigwa mawe.

Mzee Adan hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alimpenda Idil kama mwanawe. Akawaita mama na binti nyumbani kwake, mbele ya wazee wenzake. Mama Idil alikuwa na homa na kikohozi, Idil akaniomba nimsindikize.

Mzee akatoa msahafu uliofungwa kwa kitambaa.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "watu wanaona bicha, wanasema ni wewe. Mimi nasema watu nafanana. Wewe aba tu kwa msahafu hapa, sema si mimi. Mdomo ya watu nitafunga mwenyewe. Harusi iko."

Mnaona mlango aliofunguliwa? Neno moja tu.

Idil akamshika mamake mkono. "Hooyo, sema. Mama yangu, sema si wewe."

Mama Idil alikohoa kwanza, akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. Kisha akasema, "Ni mimi."

Idil akaanza kulia.

"Nilikuwa msichana," mama akaendelea. "Nilicheza filamu, watu wakanipigia makofi, wengine wakanitemea mate. Hukumu yangu iko kwa Mungu, naye alikuwa ananiona. Leo mnataka nimshike Yeye awe shahidi wa uongo? Hilo siliwezi, hata kwa mwanangu."

Mzee Adan alifunga msahafu wake polepole. "Wewe nasema kweli," akamwambia. "Lakini harusi hapana."

Ilikuwa imekwisha.

Idil alichukuliwa na shangazi yake, akaenda Garissa. Hakumuaga mamake. Alipita mbele ya turubai akapanda lori.

Mama alibaki na kikohozi kile. Ilikuwa TB. Dawa nilimpa, lakini chakula alikuwa anakirudisha, na hamu ya kuishi sikuwa nayo kwenye kabati la zahanati. Alifia mikononi mwangu asubuhi moja. Wanawake wawili tu walikuja kumwosha.

Idil alifika baada ya maziko. Akaketi kwenye benchi letu la wagonjwa, vumbi la safari bado usoni.

"Sister, wewe uliiona ile filamu?"

"Niliiona."

"Alikuwa anafanya nini?"

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye kicheko, akanizuia.

"Alicheka? Kwa sauti?"

"Kwa sauti, Idil. Ukumbi mzima ulisikia."

Akatikisa kichwa. "Mimi nimeishi naye maisha yangu yote. Sijawahi kumsikia."

Wakuu, nililojifunza ni hili: mji ule ulimwita mama yule asiye na haya, lakini siku ya kiapo ni yeye aliyemwogopa Mungu kuliko sisi sote tuliokuwa tunaomba kimoyomoyo aseme uongo. Nami nilikuwa naomba.

Sasa semeni ninyi, hasa wenye mabinti. Ungeapa au usingeapa? Watu wa Elwak, Lafey na Mandera mliokuwepo miaka ile, karibuni mnisahihishe.