Tembo wa Kona ya Juu

Swali linalonichefua kuliko yote ni hili: "Hii ni picha ya nini?" Nimeulizwa na walimu, na mapadri, na wanunuzi wa pamba, na mara moja na daktari aliyekuwa akinishona kidole. Ajabu ni kwamba sijawahi kumsikia mtu akiuliza hivyo mbele ya ukuta wa nyumba ya mama yangu. Kila baada ya mavuno mama alichanganya samadi mbichi na udongo mweusi wa mbugani, akasiriba ukuta wote, kisha akapitisha vidole kwenye tope kabla halijakauka, juu mpaka chini, akikunja mkono anapotaka. Wageni walisimama mlangoni wakasema umependeza, mama, wakaingia ndani kula. Hakuna aliyetaka aelezwe ule ukuta ni wa nini.

Mimi nilichofanya ni kuubandua ukuta ule na kuutia kwenye gunia. Hiyo ndiyo falsafa yangu yote, na anayetaka maneno marefu zaidi akayatafute kwingine. Nilifumua magunia makuukuu, nikayashona yakawa kitambaa kimoja, nikakipaka uji mzito wa mtama ili udongo upate pa kushika. Juu yake niliweka tope la mbugani, nikalianika juani lipasuke lenyewe. Mipasuko ile sikuichora. Kazi yangu ilikuwa kukaa pale na kuchagua wakati wa kukitoa kitambaa juani, kabla hakijapasuka kupita kiasi.

Weupe niliupata korongoni, kwenye udongo wa chumvi ambao ng'ombe wetu huupenda mno. Hapo nilifanya kosa ambalo mchoraji wa mjini hawezi kulifanya hata akitaka. Nilipaka udongo ule, nikakiegemeza kitambaa kwenye ua wa zizi kikauke, nikaenda kuteka maji. Niliporudi ng'ombe wa baba walikuwa wamepanga foleni wanalamba kazi yangu. Nililia kwa hasira, nikawatukana ng'ombe na mama zao. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nilipoacha kulia na kutazama, niliona mahali ulimi ulipopita pameacha njia pana zenye mikwaruzo, weusi ukijitokeza chini ya weupe, kitu ambacho mkono wangu ulikuwa umekitafuta muda mrefu ukakikosa. Tangu siku ile nikawa nawaachia walambe kwa makusudi, kisha nawafukuza. Si kazi rahisi kujua umfukuze ng'ombe saa ngapi.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria kuingia kwetu. Wanunuzi binafsi walikuja vijijini na mizani yao, ghala la ushirika pale Bariadi likabaki na popo, na maduka ambayo zamani hayakuwa hata na sabuni yakajaa rangi za makopo. Ndipo afisa mmoja wa utamaduni alipopata wazo la kulisafisha ghala na kufanya maonyesho ya kuwavutia wawekezaji. Akaniagiza nilete kazi. Sikuamini masikio yangu. Nilitengeneza kitambaa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na nikamwambia mama atakwenda kuuona ukuta wake ukiwa umetundikwa mjini, watu wamevaa viatu kuja kuutazama. Mama akatoa kitenge kipya sandukuni, akakinyoosha kwa pasi ya mkaa.

Nilikipeleka kitambaa siku moja kabla ya ufunguzi. Afisa alikizunguka, akakinusa, akajikuna kichwa.

"Dada, sikatai, ni kazi. Lakini mgeni akiniuliza hii ni picha ya nini, nimwambie nini?"

"Mwambie ni udongo."

"Udongo anao kwao. Halafu samadi ya nini, wakati rangi zimejaa madukani? Sasa ni soko huria, dada yangu. Soko linataka tembo. Serengeti si hiyo hapo? Weka tembo mmoja tu, pale kwenye kona ya juu, palipo wazi."

"Pale si wazi," nikamwambia. "Pale ndipo nilipofanya kazi kuliko kwingine kote."

Na ilikuwa kweli. Kona ile niliipaka na kuikwangua, nikaipaka tena, mpaka ikatulia, ili jicho lililochoshwa na mipasuko lipate pa kupumzika. Na kwetu tembo ni mnyama anayekula mahindi ya watu usiku mmoja akawaachia njaa ya mwaka. Nilikataa katakata. Afisa akasema haya, haya, tuache hivyo hivyo, akaniaga kwa tabasamu. Nikaondoka nikijua tumeelewana.

Kesho yake niliingia ghalani nimemshika mama mkono. Watu walikuwa wengi, wawekezaji wameketi mbele na soda zao. Kitambaa changu kilikuwa kimetundikwa ukuta wa katikati, na kwenye kona ya juu alisimama tembo. Tembo mzima, na mkonga, na pembe, na sikio moja kubwa, wa rangi ya mafuta inayong'aa. Walikuwa wamemwita fundi wa mabango ya maduka jana yake jioni "anisaidie". Hapakuwa na aliyeona haya. Afisa aliniinulia dole gumba kutoka mbali.

Nilishikwa na hasira. Aliyezungumza ni mama, kwa sauti ile ile anayofukuzia kuku jikoni.

"Ng'wanone, mwanangu, huyu mnyama kaingiaje ukutani kwangu?"

Afisa akaja mbio. "Mama, shikamoo. Ni mapambo tu, mama. Ili wageni waelewe."

"Marahaba. Waelewe nini?"

Mimi nikapata nguvu, nikavuta kiti cha mwekezaji mmoja, nikapanda, nikakitungua kitambaa mbele ya wote. Afisa akasema nimemwaibisha, nimeiaibisha wilaya, sitaitwa tena popote. Kwa hilo la mwisho alikuwa mkweli. Tulikikunja mimi na mama, tukakibeba begani mpaka nyumbani, udongo ukitupukutikia njia nzima na kitenge kipya kikiharibika.

Mama hakusubiri hata kubadili nguo. Alimkwaruza yule tembo kwa gunzi na majivu, akachanganya samadi, akamsiriba kwa kiganja, polepole, akakunja mkono kwa namna yake. Nilitazama kona yangu ikirudi kwa mkono wake. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoifanya mimi.

Tatizo ni kwamba udongo haushiki vizuri juu ya rangi ya mafuta. Kila kiangazi unabanduka kidogo, na kitu cha kwanza kuchungulia ni lile sikio. Mama alisiriba tena kila mwaka mpaka alipofariki. Sasa nasiriba mimi, na kila ninapofanya hivyo namkumbuka, kisha namkumbuka na yule afisa, na hasira inanipanda vile vile.

Mwaka huu nilichelewa. Akaja mgeni, msomi, akakaa barazani mahali kitambaa kinapotundikwa. Alikitazama muda mrefu bila kuuliza lolote. Chai yake ilipoa. Nikamtazama anavyotazama, nikahisi machozi, maana nilikuwa nimemsubiri mtu wa namna ile tangu ujana wangu, na mama alikufa hajamwona. Kisha macho yake yakapanda hadi kona ya juu, na uso wake wote ukafunguka kwa raha.

"Aa! Kumbe ni tembo!"

Nilimwacha na chai yake, nikaenda zizini kutafuta samadi mbichi.