Sista Alimtuma Dereva Oksijeni

Nilikuwa kwenye foleni ya dawa katika hospitali moja ya misheni, barabara ya Busia. Mwanamume alikuwa amemshikilia mkewe mjamzito, uso umevimba, hajui aliko. Daktari alikuwa ameshasema: mimba isipotolewa leo, mama atakufa.

"Sista, tuandikie barua ya kwenda hospitali kubwa Kisumu," mume akaomba.

Sista msimamizi akashika msalaba kifuani. "Barua ya kutoa mimba siandiki, Baba."

Sista akamgeukia dereva wake.

"Nenda Kisumu ulete oksijeni. Beba na huyu mama, umshushe mlangoni kabisa."

"Lakini Sista, oksijeni si nilileta jana?"

"Leta ingine. Kimbia."

Tuliacha foleni, tukambeba mama mpaka garini. Dereva aliondoka akipiga honi njia nzima.

Jana nilipita kuuliza. Mama yuko hai. Gari lilirudi bila mtungi hata mmoja, na Sista hakuuliza.

Msomaji, usiniulize kama alivunja sheria ya Kanisa. Nilichosikia kwa masikio yangu ni kwamba alimtuma dereva oksijeni.