Manifodi Pana ya Usi wa Charawe

Usi Makungu alizaliwa Charawe, nyuma ya msitu wa Jozani, lakini ukimkuta Darajani kando ya gari lake la kukodi, shati limepigwa pasi na kofia imekaa upande, ungeapa kazaliwa Shangani, mjini Unguja kwenyewe. Na ndivyo alivyotaka uape. Mwacha asili ni mtumwa, na Usi alikuwa mtumwa wa vicheko vya madereva wa mjini.

Masika ya mwaka 1956 manifodi ya gari lake ilipasuka, lile bomba la matawi linaloingiza hewa na petroli kwenye injini. Wakati huo mkewe, Mwanaasha, alikuwa Charawe kwa mama yake, Bi Mize, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza. Mkunga alikuwa ameshasema mtoto amekaa vibaya, uchungu ukianza tu apelekwe hospitali ya mjini. Gari lililokubali kuingia Charawe lilikuwa la Usi peke yake.

"Usiwe na wasiwasi," alimwambia mkewe. "Mwezi ukitimia n'takuja kukaa hapa hapa, na n'takufikisha mwenyewe."

Gulamabbas, muuza vipuri wa Mkunazini, alimwekea manifodi mbili mezani, moja pana inayong'aa, nyengine nyembamba ya chuma cheusi.

"Hii pana ya mbio," alisema. "Kwenye lami utaruka, lakini ukenda polepole injini itakohoa. Hii nyembamba haina mbio, ila inavuta kwenye matope na mawe. Gari lako linapita wapi zaidi?"

Usi alifungua mdomo aseme Charawe. Kwenye baraza ya duka alikuwapo dereva mwenzake, Kificho, anakunywa kahawa, naye akamtangulia: "La shamba hilo! Linabeba muhogo na kuku!" Waliokuwapo wakacheka.

"Linapita mjini," Usi akasema. "Nipe hiyo pana."

Jamani, kicheko tu! Aliijaribu kwenye barabara ya Bububu, lami tupu, gari likaruka kweli. Akajiambia mbio hizo hizo ndizo zitakazomfikisha Mwanaasha hospitali, na nusu ya maneno hayo aliyaamini.

Mwezi ulipotimia alikwenda Charawe kama alivyoahidi; injini ilikohoa kwenye mawe, lakini maji yalikuwa hayajajaa njiani, akafika. Asubuhi uchungu ulipoanza, walimlaza Mwanaasha kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Bi Mize. Njia ya Charawe ni mawe matupu, na Jozani maji yalikuwa yamesimama njiani. Hapo hupiti ila kwa gia ya kwanza, taratibu. Injini ikakohoa, ikazima. Usi akaiwasha, gari likasogea kidogo, likazima tena katikati ya maji.

"Litawaka tu," Mwanaasha alisema kwa sauti ndogo. "Mie nalijua gari letu." Mwenye uchungu ni yeye, na anayeliwaza ni yeye.

Usi alishuka akasukuma huku analia, akaita watu mpaka sauti ikamkauka. Wakata kuni walipotokea na kulitoa gari, jua lilikuwa limeshapanda sana. Walipoikamata lami, gari likaruka kama siku ile ya Bububu. Bi Mize akamgusa bega.

"Punguza, mwanangu," alisema. "Hapana tena haja ya mbio."

Walimzika Mwanaasha na mtoto wake tumboni. Matangani watu walimwambia Usi kazi ya Mungu haina makosa. Alijua haina. Kosa lilikuwa lake, na hakuweza kulisema.

Baada ya matanga aliirudisha ile manifodi Mkunazini. Gulamabbas hakuwa na habari, akamuuliza kama anavyomuuliza kila mteja:

"Gari linapita wapi?"

Kificho alikuwa pale pale barazani. Usi hakumtazama.

"Charawe," alisema kwa nguvu, kila mtu akasikia. "Gari la shamba. Linapita Charawe." Akalirudia jina hilo, na tena, machozi yanamtiririka, mpaka Gulamabbas akaizunguka meza akamshika mkono.