Waliosoma Wakanyamaza

Nilituma meseji arobaini na moja. Nilipohesabu mara ya pili nikapata arobaini na mbili, kwa sababu meneja mmoja wa Karatina nilimwandikia mara mbili kwa kukosea, na mara zote mbili akaninyamazia. Majibu yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa picha ya kidole gumba, bila neno hata moja. La pili lilitoka kwa bwana aliyetaka kuniuzia bima ya mazishi.

Sijui kama wewe umewahi kukasirishwa na kidole gumba. Mimi nilikasirika nacho wiki nzima. Mtu amefungua simu, amesoma kwamba natafuta kazi, ameinua kidole, ameendelea na chai yake.

Nilikuwa mnunuzi wa hoteli moja hapa Nyeri kwa miaka kumi na minne. Kila kilichoingia jikoni kilipitia mikononi mwangu: viazi tunavyoviita waru, nyama, mchele, mayai, hadi viberiti. Hoteli ikafungwa, tukapewa barua na mkono wa kwaheri, na nikiwa na miaka arobaini na tisa nikaanza kutafuta kazi kwa simu kama kijana aliyemaliza chuo jana. Kaka yangu ana duka la mchele Mwea. Alinipigia akasema nikikosa kitu kufikia mwisho wa mwezi niende nikae dukani, niwe nawapimia wateja. Alisema kwa upendo, hilo sikatai. Lakini nyuma yake nilimsikia mke wake akisema nisijali, nitafundishwa mizani. Mimi, nifundishwe mizani. Nimewarudisha wachinjaji watatu mlangoni kwa sababu ya mfupa uliofichwa ndani ya paja. Kwa hiyo nilijua ninachokimbia, na nilikuwa na wiki tano za kukikimbia.

Meseji zile arobaini na moja sikuzitunga mwenyewe. Nilikuwa nimeingia semina katika ukumbi wa kanisa, mtaalamu kutoka Nairobi, viatu vya ncha, anatufundisha namna ya kuwaandikia wakubwa kwenye mtandao wa kikazi hadi wajibu. Kiingilio nilipunguziwa nusu pale mlangoni, na bado nililipa kupita kiasi. Alitupa maneno tayari, tukayanakili kama watoto wa shule: *Habari yako. Natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa salama. Mimi ni mtaalamu mwenye ari na uzoefu mpana, na nimevutiwa sana na safari yako ya kikazi. Ningefurahi tuungane na kubadilishana mawazo.* Wakati wa maswali nilisimama nikamuuliza, kati ya watu mia walioandika hivi, ni wangapi walijibiwa? Akasema hilo ni swali zuri sana, akamwelekezea kipaza sauti mama aliyekuwa nyuma yangu. Ilinipasa niondoke hapo hapo. Muuzaji akianza kusifu swali lako, ujue mzigo umeoza. Lakini nilikaa, nikanakili, nikaenda nyumbani nikatuma, na watu arobaini na mmoja ambao safari zao za kikazi sikuwa nazijua wala hazikunivutia wakasoma uongo wangu wakaufunga.

Hata hivyo hasira yangu kubwa haikuwa ya hao wote. Ilikuwa ya mmoja. Huyu alikuja kwetu akiwa karani wa stoo, hajui dania na hoho zinatofautiana vipi bei. Mimi nilimfundisha. Nilimfundisha kumwaga kreti ya nyanya yote chini, kwa sababu zile kubwa za juu ni za kukuonyesha na zile za chini ndizo unazonunua. Nilimfundisha kutafuna punje za mchele mbichi ajue kama ni pishori kweli, ule mchele wa kunukia, ama pishori amechanganywa na binamu zake. Nilimfundisha kuhesabu magunia yakishuka kwa lori, halafu kuyahesabu tena yakiwa ndani, kwa kuwa kati ya lori na stoo kuna mlango wa nyuma. Leo ni meneja wa hoteli Nanyuki, na niliambiwa na watu wawili wasiojuana kwamba mnunuzi wake ameacha kazi. Nilimwandikia. Alama mbili zikageuka buluu. Nikangoja siku tisa.

Kama angekuwa mgeni, ningeelewa. Huyu aliwahi kulia mbele yangu juu ya magunia mawili ya vitunguu aliyoyapoteza.

Wiki ya pili nikashuka Kagio siku ya soko, kununua nyanya za nyumbani, na kusema ukweli, kutafuta mtu wa kulalamikia. Pale kuna mama niliyenunua kwake nyanya za hoteli miaka mingi. Alinipokea kama kawaida, akanifutia kreti tupu nikae, na nikamweleza yote: semina, kidole gumba, bima ya mazishi, kijana wa Nanyuki. Nilimweleza kwa sauti iliyofanya muuza ndizi wa jirani asogee karibu. Akaniuliza niliandika nini hasa. Nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho huku akizipanga nyanya zake, wala hakucheka, jambo lililonitia wasiwasi.

"Sasa hapo," akasema, "huyo mtu anajibu nini?"

Nikatazama simu. Kulikuwa na mistari minne, na kwa kweli hapakuwa na swali hata moja.

"Ajibu tu," nikasema. "Ni heshima."

"Kastoma wangu, hata wewe ulinikalia kimya. Ama umesahau?"

"Mimi?"

"Wiki tatu. Nakutakia siku njema, nakuombea, nakuuliza watoto wameamkaje. Unasoma yote, unanyamaza. Nikasema huyu mama ana roho ya jiwe. Siku nilikuambia kreti zimebaki nane na lori la Nairobi linafika saa nne, ulinijibu kabla sijarudisha simu kwa mfuko."

Muuza ndizi ndiye aliyecheka.

Ningependa kuandika kwamba nilishukuru. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu nilikumbuka simu yangu ya ofisini ilivyokuwa: meseji za wauzaji thelathini, arobaini kwa siku, kila mmoja anatumaini niko salama, na mimi nikipitisha kidole tu. Hawakuwa watu kwangu. Walikuwa kelele. Miaka kumi na minne nimewafanyia wengine hivyo, na sasa nimefanyiwa wiki mbili tu nimeenda Kagio kushtaki.

Yule mama hakunipa nafasi ya kujionea huruma. Aliniambia huyo kijana wangu wa Nanyuki anamjua vizuri, maana dereva wake hununua pale. Na akashusha sauti. Dereva huja siku moja baada ya soko, malori ya Nairobi yakiwa yameshachagua. Anabeba makombo, anaandikiwa bei ya jana. Aliniambia bila aibu yoyote, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mmoja wa wanaomuuzia.

Nikaandika pale pale, nikiwa nimekalia kreti: *Nyanya zako zinatoka Kagio siku moja baada ya soko. Unauziwa zilizokataliwa na malori, kwa bei ya zile nzuri. Mpishi wako anatupa kreti ngapi kwa wiki?*

Bila salamu. Mkono uliniuma kuituma. Kwetu hata ukienda kugombana na jirani juu ya mbuzi wake, kwanza unamuuliza watu wa nyumbani wako aje. Lakini nilituma, na jibu likaja baada ya dakika kumi na moja: *Tatu. Wakati mwingine nne. Nani amekuambia?*

Siku tisa za salamu, kimya. Dakika kumi na moja za matusi, jibu. Nilicheka kicheko kibaya, na yule mama akaniuzia nyanya bila kunipunguzia hata shilingi, akasema nimeshapata faida ya siku.

Jioni hiyo nilifuta yale maneno ya semina yote. Nikaanza upya, mtu mmoja mmoja. Kabla ya kumwandikia meneja yeyote nilitafuta kitu kimoja ninachokijua kuhusu jiko lake, kitu cha kweli, na nikamuuliza swali ambalo angeweza kulijibu akiwa amesimama. Mmoja wa Sagana nilimuuliza kwa nini samaki wake hutoka mbali wakati mabwawa yako nyuma ya ua wake. Mmoja wa hapa mjini nilimwambia sahani yake ya waru imepungua waru nne tangu mwaka jana, nimezihesabu, je, ni bei ama ni mpishi? Niliandika meseji kumi na mbili. Majibu matano. Nikahesabu tena: matano. Watatu walisema hapana, hawana nafasi. Sikuwakasirikia hata kidogo. Hapana ni jibu. Hapana unaweza kuiweka mezani, ukaiangalia, ukaendelea na maisha. Mmoja aliniambia nijaribu tena Januari. Wa Sagana alinieleza habari za samaki kwa aya tatu, maskini, inaonekana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Lakini kazi ilikuwa Nanyuki, na Nanyuki alikuwa amezinduka. Aliniuliza dereva afike soko saa ngapi. Nikamwambia. Siku mbili baadaye akaniuliza juu ya mchele, maana wageni wa harusi moja walilalamika. Nikamwambia atafune, kama nilivyomwonyesha, na anunue kwenye kinu si kwa mtu wa kati. Akauliza mayai. Nikamjibu mayai. Ndipo nikauliza langu: *Nafasi ya mnunuzi imejazwa?*

Buluu. Kimya. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya tano simu ikalia, nikairukia kama msichana: *Na vitunguu vizuri siku hizi viko wapi?*

Niliiweka simu mezani taratibu, kwa sababu nilitaka kuirusha. Basi hii ndiyo hila iliyosahauliwa na yule bwana wa viatu vya ncha. Alitufundisha kujibiwa, hakusema kwamba mtu anaweza kukujibu kila siku akikukamua kama ng'ombe, na maziwa akapeleka kwake. Nilikuwa nimejibiwa mara tano. Bado nilikuwa sina kazi, na zilibaki siku sita mwezi kuisha.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu aliyenunua kitu Karatina analijua. Bei ikikwama, hupandishi sauti. Unaweka mzigo chini, unageuka, unaondoka polepole, ukimwonyesha muuzaji mgongo wako wote aweze kufikiria. Tatizo ni kwamba lazima uwe tayari asikuite. Mimi sikuwa tayari. Niliogopa. Kaka yangu alinipigia siku hiyo hiyo akiuliza kama anitumie gari la kubeba vitu, nikamwambia nitamjibu, na nikajisikia nikiwa mmoja wa hao wasiojibu.

Lakini niligeuka. Niliifungua ile ya vitunguu ili aone nimeisoma, na sikujibu. Kesho yake akaandika: *Madam?* Nikaifungua, nikaifunga. Akaandika kama niko sawa. Akaandika kwamba gunia limefika linanuka. Akatuma picha ya gunia, na kwa kweli lilikuwa baya, mikono iliniwasha kumwambia alirudishe kabla dereva aliyelileta hajaondoka. Sikumwambia. Nilizihesabu meseji zake hadi tano. Nilizihesabu tena.

Ijumaa mchana akapiga.

"Madam, kwani nimekukosea?"

"Ulisoma swali langu?"

Akakiri alisoma.

"Lilikuwa na maneno mangapi?"

Nikamwambia ni manne, na kwamba mimi nimemwandikia kurasa juu ya mayai. Nilimwambia mengine pia, ambayo mtu wa kanisa hayaandiki. Halafu akasema nafasi iko wazi tangu mwanzo, na kila alipotaka kunijibu alishindwa ataniambiaje niwe chini yake.

"Niliona aibu," akasema.

"Aibu yako ilikuwa inanilisha?"

Najua mtu mwingine angelainika hapo. Mimi nilizidi kuchemka. Wiki nne amenikalisha roho juu, nikiwaza mizani ya mke wa kaka yangu, kisa ni kwamba yeye hakupata namna nzuri ya kuandika *ndiyo*. Akasema tuanze na siku mbili kwa wiki, bila malipo, tuone vile inaenda. Sikumjibu. Nilikaa kimya na simu sikioni, nikimsikia akipumua, jiko lake likigonga sufuria nyuma yake. Akasema basi, na malipo. Nikazidi kunyamaza. Akasema siku nne, pamoja na gari la kwenda soko, mkataba wa mwaka.

"Iandike," nikasema. "Itume nikiwa bado kwenye laini. Na usinitumainie niko salama."

Ilifika. Niliisoma mara mbili, nikamrudishia asahihishe neno *takriban* mbele ya mshahara, ikafika tena ikiwa safi, na ndipo nikamwambia alirudishe lile gunia na muuzaji asilipwe hadi alete jingine.

Kisha nikampigia kaka yangu kumwambia asitume gari. Alifurahi, nadhani kupita kiasi kidogo. Akasema tatizo ni moja tu, mke wake alikuwa ameshaninunulia kiti cha kukalia pale dukani. Nikamuuliza walilipa ngapi. Aliponitajia bei iliyozidi maradufu, nikamwambia ampe mke wake simu.