Niliandika "saa kumi" kila jioni: daftari la kituo cha kahawa Gasorwe

Wakuu, salamu kutoka Nyarusange, Gitega. Hili lilinipata mwenyewe na nalieleza lilivyokuwa, pamoja na sehemu inayoniaibisha.

Mi nimekulia Tanzania, tukarudi Burundi nikiwa kijana. Msimu mmoja wa kahawa nilipata ukarani kwenye kituo cha kuoshea kahawa kule Gasorwe, Muyinga. Jina la kituo naliacha.

Kazi yangu ilikuwa daftari la mahudhurio. Mtu akiingia naandika, akitoka naandika. Basi.

Waliowahi kufanya kazi hizo watanielewa. Asubuhi ukungu umelala vilimani, meza za kuanikia zimepangwa mpaka macho yanachoka, wanawake wamesimama pande zote mbili wakichambua punje mbovu. Wanaimba polepole. Ukikaa pale sana kichwa kinakuwa chepesi, hujui leo ni Jumatatu au Alhamisi. Jua linatembea, mikono inatembea.

Labda ndiyo maana ilikuwa rahisi.

Siku ya kwanza shefu, yaani mkuu wa kituo, aliniambia, "Saa ya kutoka andika saa kumi. Kwa wote."

Nikauliza, wakichelewa je?

Akajibu kwa upole kabisa, "Kahawa haina saa, kijana. Hapa tunasaidiana."

Watu walianza saa moja asubuhi, wakapumzika kidogo mchana, wakatoka saa kumi na mbili na nusu. Mi naandika saa kumi. Mwandiko mzuri, wino wa bluu. Miezi miwili hivyo, na sikujiona mwizi hata siku moja.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, Mama Divine, miguu yake huvimba. Jioni moja mvua ilitishia, wakabaki kufunika meza zote. Alipofika kwangu hakupita. Alisimama akitazama daftari. Kusoma hajui sana, ila namba anazijua.

"We, hii iko ngapi?"

"Kumi."

"Na sasa iko saa ngapi?"

Nikafunga kalamu.

"Basi ile masaa mbili na nusu, mi nilikuwa wapi?"

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

Wakuu, nililala nikaota niko kituoni, meza zote hazina watu, lakini nyimbo zinasikika.

Kesho yake nikaanza kuandika saa ya kweli. Sikumwambia mtu. Wiki tatu.

Shefu alipofungua daftari alipitisha kidole kwenye zile saa. Akauliza nani kanituma. Nikasema hakuna, ndizo saa walizotoka. Akaniambia Jumatatu nisirudi.

Nikamweleza Mama Divine, tukapanda kila mtu baiskeli yake ya abiria, mpaka Muyinga mjini kwa inspekta wa kazi. Alikuwa mama mtaratibu. Akatueleza kwamba sheria inaweka masaa nane kwa siku, na yanayozidi hulipwa kwa nyongeza. Neno kusaidiana, alisema, halimo kwenye sheria ya kazi.

Shefu akaitwa, aje na daftari. Masaa ya ziada ya zile wiki tatu yakalipwa yote. Nilifurahi.

Kisha inspekta akageuza kurasa za nyuma. Saa kumi, saa kumi, saa kumi.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Uliwaona wakitoka saa kumi?"

"Hapana, mama. Nilidanganya."

Nikaandikisha maelezo, nikatia sahihi. Shefu akadai mi ni karani mwenye hasira za kufukuzwa. Mwisho inspekta akawapatanisha, wale wanawake wakapewa sehemu ndogo tu ya ile miezi miwili. Iliyobaki imepotea, na kilichoipoteza ni mkono wangu.

Nje nilimwomba Mama Divine msamaha.

Akasema, "Umesema kweli mbele ya watu, hiyo nimeona. Lakini usiniombe msamaha leo. Miguu inaniuma."

Akapanda baiskeli, akaenda. Mi nikarudi Gitega kulima.

Nilichojifunza: ukifanya kazi, andika mwenyewe saa ya kuingia na ya kutoka, hata kwenye karatasi ya sabuni. Usimwachie karani peke yake. Na wewe karani, ukiandika uongo kwa kutumwa, siku ya kuulizwa mwandiko unabaki wako.

Kuna mwenzangu humu aliyewahi kushika daftari la namna hii? Ulifanyaje? Hata wa kunilaumu aandike, nitasoma.