Mianga ya Kaskazini, Jikoni Kwetu Blacktown

Wiki iliyopita nilishuka treni Blacktown kumnunulia mama unga wa muhogo, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi mtaa tuliokaa zamani. Nyumba haipo. Wameivunja, wakazungusha uzio wa mabati, na ndani kuna shimo kubwa na tingatinga moja la njano. Nilisimama pale na mfuko wangu wa unga nikijaribu kukisia jiko letu lilikuwa upande gani wa lile shimo. Mti wa jirani ndio ulionisaidia, ule unaotoa maua ya zambarau, kwa sababu dirisha la jiko lilikuwa linautazama. Basi kwa kuwa nimelipata jiko, acha nikusimulie jambo lililotokea humo, maana sijawahi kumsimulia mtu kwa utulivu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Wewe ulikuwa wapi? Sisi wa magharibi ya Sydney tulifungiwa kwelikweli. Helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka juu ya mapaa, na mtu haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka kwake. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na shule yangu ilikuwa kompyuta ya kuazimwa iliyowekwa kwenye meza ya jikoni. Nyumbani tulikuwa watatu tu: mimi, mama, na bibi mzaa mama.

Mama alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Kila asubuhi aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua sare kwenye chumba cha kufulia, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni niliyomwandalia, akaoga, ndipo akatusalimia. Kabla ya hapo hakuna wa kumsogelea. Ndoo ilikuwa kazi yangu, na kuanika barakoa kwenye kamba ilikuwa kazi yangu pia. Jiko lilikuwa la bibi. Alitwanga sombe, yaani kisamvu, iliyotoka kwenye friza, akikunja taulo chini ya kinu ili jirani asilalamike, na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wa kukaanga ilikuwa inaingia hadi kwenye madaftari yangu. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na mwalimu akiniuliza swali kwenye kompyuta, darasa zima lilikuwa linasikia pambio.

Basi mwalimu wetu wa sayansi akatupa kazi. Kila mmoja achague kitu cha angani ambacho hajawahi kukiona, kisha amtafute mtu aliyekiona kwa macho yake, amhoji. "Sitaki mnakili mtandaoni," alisema. "Nataka shahidi."

Nilimweleza mama siku hiyo alipokuwa akinywa chai, macho yakiwa yameshaanza kufumba. Akasema, "Mama mdogo wako anafanya kazi kwenye boti inayopeleka watalii kuangalia mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani usiku. Mpigie." Alipomaliza kusema akageuka haraka kuangalia mlangoni kama bibi amesikia.

Ni kwamba kwetu mama mdogo hakutajwa. Nilijua yupo, kwamba anakaa Norwei, kaskazini kabisa, kwenye mji ambao baridi yake mama aliielezea kwa kutikisa kichwa tu. Kisa chenyewe nilikipata vipandevipande. Walipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, wote walikuwa kwenye faili moja la kuja Australia. Mama mdogo, akiwa msichana wa miaka kumi na minane, alipendana na kijana wa kambini, akajitoa kimyakimya kwenye faili la familia na kuingia kwenye la mwanamume, lililokuwa la kwenda Norwei. Bibi aliambiwa zikiwa zimebaki siku nne za safari. Siku ya basi, mama mdogo alisimama nje apungiwe mkono. Bibi akapanda, akakaa upande wa pili.

Miaka kumi na moja ilikuwa imepita, na hawajaongea neno. Picha za mama mdogo zilipoingia kwenye simu ya mama, bibi alikumbuka ghafla chungu jikoni, akaondoka.

Na kuna jambo jingine inabidi ulijue. Wakati wa vita vya kwetu Kongo, bibi alivuka Ziwa Tanganyika usiku na binti zake wawili kwenye boti ya injini iliyojaa watu hadi maji yakawa yanaingia. Mama alikaa miguuni pake. Mama mdogo, mtoto wa miaka minne, alifungwa kwa kitenge kifuani. Walifika, lakini si wote waliopanda boti ile waliofika. Tangu hapo bibi hakugusa chombo cha majini. Kanisa letu lilipokwenda matembezi ya feri mjini, yeye alibaki gatini kutwa nzima, amekumbatia mabakuli ya chakula ya watu wote. "Mayi haina shukrani," alikuwa akisema, kwa Kiswahili chake cha Kongo.

Nilimpigia mama mdogo kwa siri, nikiwa chooni. Nilikuwa na maswali ukurasa mzima. Alicheka kwanza, halafu akasema ana wazo bora kuliko mahojiano. Watalii walikuwa hawajarudi, lakini nahodha wake, mzee wa Kinorwei, angetoa boti wiki ile kujaribu injini kabla ya msimu. Angemwomba amchukue yeye na simu. "Nitakupeleka safari nzima, kama mgeni," alisema. "Itakuwa saa tano usiku kwetu, saa moja asubuhi kwenu. Kwenu Jumanne, kwetu bado Jumatatu."

Hilo peke yake liliniweka macho. Nitaongea na mtu aliye jana! Ningeweza kumwambia jinsi kesho yake ilivyo.

Asubuhi hiyo niliamka mapema, nikatundika blanketi kwenye dirisha la jiko ili kioo cha kompyuta kionekane vizuri. Bibi akaingia.

"Nani amezima jua?"

"Ni ya shule, bibi."

Kwa bibi neno shule lilimaliza kila ubishi. Akawasha taa ndogo ya juu ya jiko, akakaa kwenye kigoda amenipa mgongo, akaanza kuchagua maharage.

Kompyuta ikaita. Kilichotokea kwenye kioo kilikuwa giza tupu, na mngurumo wa injini. Kisha sauti ya mwanamke, ya uchangamfu: "Karibuni kwenye boti! Kabla hatujaondoka, kila mgeni avae suti ya baridi. Supu ya samaki iko kulia. Choo kiko kushoto. Anayetaka kutapika aje kwangu, asiende peke yake kwenye ukingo." Akacheka. "Hotuba hii nilikuwa naitoa kila siku kwa Kiingereza. Leo ni mara ya kwanza naitoa kwa lugha yetu."

Bibi hakugeuka. Baadaye aliniambia alidhani ni kipindi cha redio ya watoto.

Nikaanza maswali yangu, kwa Kiingereza kama kawaida yetu watoto wa huku, na mama mdogo akanijibu kwa Kiswahili. Je, mianga ina sauti? Hapana, yeye hajaisikia, ila nahodha anaapa aliwahi kusikia ikichakacha. Ina harufu? Baridi ndiyo yenye harufu, kama chuma. Ina joto? "Ingekuwa na joto mimi ningekuwa huku nimevaa kitenge," alisema.

"Inafananaje?" niliuliza.

"Nikuambie ukweli? Watalii wengine hulalamika. Mwanzoni macho yanaona mvuke tu, kama wa sufuria ya ugali. Weupeweupe. Simu ndiyo inaipaka kijani. Halafu ikikasirika, ikianza kucheza, hapo hata macho yanaona rangi. Subiri. Nahodha anasema inakuja."

Ndipo wimbi likapiga. Picha ikapinda, kitu kikaanguka kwa kishindo, mama mdogo akapiga ukelele mfupi. Kelele za maharage nyuma yangu zilikoma. Nikasikia kigoda kikisukumwa, na bibi akawa begani kwangu, anahema, anatazama lile giza.

"Huyu ni nani?" aliuliza, ingawa alishajua.

Nikasogeza kiti apate kuona.

"Yuko ndani ya mayi? Usiku?"

"Ni kazi yake, bibi."

"Muulize kama amevaa jaketi."

Nikamuuliza. Upande wa pili ilisikika injini tu. Kisha giza likageuzwa, na uso wa mama mdogo ukatokea, umebanwa na kofia ya manyoya, pua nyekundu, nyusi zake ni za mama kabisa. Akainua jaketi la kuokolea alilovaa juu ya suti.

"Nimevaa, mama."

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Na mukanda ya chini?"

Mama mdogo akatazama chini. Mkanda wa chini ulikuwa unaning'inia. Akaufunga mbele yetu kwa vidole visivyotii, na bibi akamkodolea macho hadi kile kishikizo kilipolia. Nyuma ya mama mdogo yule mzee nahodha akawa anapiga kelele kwa lugha nisiyoijua, akinyoosha mkono juu.

"Anga!" nilipiga kelele na mimi. "Mama mdogo, anga!"

Akageuza simu. Niliona, nakwambia. Utepe wa kijani ulikuwa umevuka kioo kutoka pembe hadi pembe, ukajikunja, ukakung'utwa kama shuka, na chini yake kingo za milima nyeusi zikatokea na kupotea. Labda sekunde kumi.

"Ni moto?" bibi aliuliza.

"Si moto, mama. Ni mwanga tu."

"Basi nirudishie uso."

Na mama mdogo akaligeuzia mgongo lile anga lote. Nililia kwa hasira, sikufichi. Safari yangu, shahidi wangu, kazi yangu ya shule, na wawili wale wanaulizana kama soksi ni mbili mbili, kama mume anakula vizuri. Bibi akasema, "Umekonda." Mama mdogo akasema, "Ni baridi, mama, inakaza uso." Bibi akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza neno refu. Neno hilo sikulisikia, kwa sababu simu ilizimika. Baridi hula betri, tulikuja kuelezwa.

Bibi alibaki amesimama mbele ya kioo cheusi. "Wamezama?"

"Hapana, bibi. Ni simu."

"Umejuaje?"

Nilipogeuka nikamwona mama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, bado na sare na barakoa, viatu mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani. Alitaka kuja kumshika bibi na hakuweza, kwa sheria yake mwenyewe, basi akakaa palepale sakafuni. Tukasubiri hivyo watatu, mama kule, bibi amesimama, mimi katikati. Hakuna aliyeondoa blanketi. Maji ya ndoo yakapoa. Dakika arobaini nilizihesabu kwenye saa ya jiko, na katika dakika hizo ndipo nilipoielewa boti ile ya ziwani, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa kwangu hadithi tu.

Ujumbe ukaingia: Tumefika. Nasikia baridi. Mama yupo?

Nikausoma kwa sauti. Bibi akakaa kwenye kigoda polepole. "Mwambie anywe kitu cha moto," alisema. Halafu, "Mwambie nipo."

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya darasa, yaani mbele ya kioo, nikaeleza kwamba shahidi wangu anasema mianga ya kaskazini mara nyingi ni mvuke tu, na simu hudanganya. Mwalimu akasema hakuwahi kupata jibu la namna hiyo, akaniomba picha. Nikamwambia sikupiga. Sikumweleza kwa nini.

Tangu siku ile mama mdogo alipiga kila asubuhi yetu, na mimi nikawa mkalimani wa mitambo: bonyeza hapa, inua, mama mdogo hatukusikii. Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikipata mle, nikisikiliza wanawake wawili wakibishana kuhusu chumvi. Ule ugomvi wao sikuwahi kusikia wakiugusa. Mipaka ilipofunguliwa mama mdogo alikuja, akakaa wiki tatu, akanenepeshwa, akarudi. Boti aliiacha baadaye. Siku hizi anafanya kazi shule ya chekechea, na nahodha amestaafu.

Bibi bado yuko nasi, nashukuru, ila kumbukumbu zinamtoka. Kambi imeondoka, basi lile limeondoka, na miaka kumi na moja ya kununiana ukimtajia anakutazama kama umemsingizia. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alikuwa amekaa na mama mmoja mgeni kanisani, na nikamsikia akimsimulia jinsi yeye alivyowahi kupanda boti huko Norwei, usiku, mawimbi makubwa, anga lote limegeuka kijani juu ya vichwa.

"Haukuogopa, bibi?" yule mama aliuliza.

"Niliogopa sana."

"Ulienda na nani?"

"Na binti yangu," bibi alisema. "Alikuwa amenishika."

Nilikuwa nimeshika funguo za gari, tayari kumwambia twende. Nikazirudisha mfukoni, nikavuta kiti, nikakaa nisikilize safari ilivyokuwa.