Kiwanja cha Bunduki Hupimwa kwa Sinia

Siku yangu ya kwanza kazini asubuhi nilipewa ndoo, na jioni nikapekuliwa mfuko.

Ndoo ilikuwa ya kuokotea maganda ya risasi. Kupekuliwa, bosi wetu, Mwenye Shamba, alisema ni utaratibu. Nikamuuliza mbona wenzangu wanapita tu. Akasema wenzangu anawajua. Nikamwambia, "Mimi nawe sikujui. Fungua mfuko wako nione." Alinitazama, akafungua, ndani mlikuwa na mkate na soksi. Kuanzia siku ya pili tulipekuliwa wote, yeye wa kwanza. Walinishuku, nikawashuku, tukaelewana.

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya viwanja vya kulenga visahani, nje kidogo ya Birmingham, mwendo wa baiskeli kutoka Shard End ninakokaa. Nimeifanya miaka ishirini na mitatu. Shule niliishia darasa la nne. Bunduki sijafyatua hata mara moja, na naona fahari kusema hivyo. Vijana wa kwetu huniuliza, mzee, ulikuwa unafanya nini kule kwa watu wenye mitutu? Nawajibu: mpigaji anajua risasi inakotokea, mimi najua inakoishia. Kwa hiyo ukitaka kujua kiwanja kizuri ni kipi, usimuulize mpigaji. Yeye atakusifia chai.

Kisahani chenyewe Waingereza wanakiita njiwa wa udongo. Si njiwa, na wala si udongo. Ni kisahani cheusi au cha rangi ya chungwa, ukubwa wa kisosi cha chai, kilichofinyangwa kwa lami na unga wa chokaa. Kinarushwa na mashine yenye mkono wa chuma na springi. Mpigaji anasimama katika kizimba chake cha mbao, anaita, mtu anabonyeza kitufe, kisahani kinaruka, naye anajaribu kukivunja kwa marisau. Marisau ni zile punje ndogo, ndogo kuliko mtama, zinazojaa ndani ya risasi moja kwa mamia. Kisahani kikivunjika watu wanapigiana makofi. Hakuna anayeuliza punje zilizopita kando zimekwenda wapi. Zimepanda, basi zitashuka.

Kiwanja cha Mwenye Shamba kilikuwa kibaya, na namshukuru kwa hilo, maana kibaya hufundisha upesi. Kilielekea machweo. Ikifika saa kumi jioni wapigaji walikuwa wanalenga jua. Kiwanja kizuri kinaelekea kaskazini, jua likae mgongoni au begani, lisiingie machoni. Tena chake kilikuwa tambarare kama meza, na ng'ambo kulikuwa na banda la kuku. Kila upepo ukivuma kutoka kwetu, marisau yalinyesha juu ya mabati ya yule jirani, na kuku wakaacha kutaga. Mwenye Shamba alisema kuku wa Kiingereza ni waoga kwa asili. Halmashauri haikumwamini. Kilifungwa, nami nikachukua baiskeli yangu nikaenda kuomba kazi kiwanja cha pili.

Huko bosi alikuwa Meneja, mwanamke mfupi aliyekuwa askari, anayetembea kama anapima kitambaa. Siku ya kwanza alinitoa ofisini bila kunipa hata kiti.

"Umesoma nini?" akaniuliza tukitembea.

"Darasa la nne."

"Unaweza kuhesabu hatua?"

"Mpaka utakapochoka wewe."

Tukahesabu. Kutoka vizimbani kwenda mbele, tukashuka bonde, tukapanda upande wa pili mpaka ukingo wa miti: hatua mia tatu na arobaini za miguu yangu. Hapo ndipo nilipoona kiwanja kizuri kwa mara ya kwanza. Bonde linakamata marisau kama kiganja. Nyuma yake kuna kilima cha kumeza kelele. Mbele ni anga tupu, kisahani kinaonekana. Hakuna nyumba, hakuna waya wa simu. Ardhi inachuja maji, haifanyi tope la kumtelezesha mtu mwenye bunduki iliyojaa. Na ukingo wa miti una bendera, ili kila mtu ajue hapa ndipo mwisho wa shamba la risasi.

Nyuma ya miti hiyo kulikuwa na njia ya farasi. Meneja akaniwekea kidole kifuani. "Punje moja ikivuka ile miti, tumekwisha. Watu kumi na mmoja wanakula hapa. Na kitu kingine: usiniambie kamwe unachodhani. Niambie ulichopima."

Nililikubali neno hilo. Halafu, miaka ikapita, nikalisahau siku niliyolihitaji kuliko zote.

Mwenzangu wa karibu alikuwa Balbir, Singasinga wa Nakuru, fundi wa mashine. Alikaa Winson Green, nyuma ya jela, na mimi nilikuwa nikisema moyoni, jela si mbali naye. Kiswahili chake ni cha Kenya, changu cha Morogoro, lakini katikati ya shamba la Waingereza Kiswahili chochote ni nyumbani. Kilichonikera ni kwamba alifika kabla ya wote, anaimba, na akitega mashine ya kurusha visahani anaiziba kwa mgongo wake asionekane. Mtu anayeficha mikono nitamshuku hata akiwa anafunga kamba ya kiatu.

"Unaficha nini, Bwana Balbir?"

"Naficha upepo isiingie springi. Wewe mzee, wewe unashuku hata kivuli yako."

"Kivuli changu nakijua. Hakiimbi."

Basi majira ya kuchipua ya mwaka mmoja akaja mama mmoja na farasi wake mpaka mlangoni kwa Meneja. Alisema Jumamosi, akipita njia ile, alisikia kitu kikidondoka kwenye majani kama mvua, na mvua haikuwapo. Akafungua kiganja. Punje tatu. Meneja alikuwa mweupe, akawa mweupe zaidi. Alimwomba yule mama asipite kule kwa wiki mbili, na akamwahidi kwamba akishindwa kupata sababu atakifunga kiwanja kwa mkono wake. Akaniita. "Tafuta zinakotoka."

Kutafuta punje kwenye nyasi ni kutafuta chumvi baharini. Nikafikiri usiku kucha. Asubuhi nikaingia jikoni kwangu, nikachukua sinia sita za pilau, zile kubwa za bati jeupe tulizonunua Coventry Road.

Mke wangu, Mama Zuhura, akasimama mlangoni. "Sinia zangu za maulidi zinakwenda wapi?"

"Kazini."

"Wazungu wameanza kula pilau?"

"Zitakula risasi."

"Basi na wewe ukae huko ule nazo."

Nilizipanga nyuma ya mstari wa miti, upande wa njia, kila moja kwa kizimba chake, cha pili mpaka cha saba, maana cha kwanza kilikuwa hakitumiki, kabla bunduki ya kwanza haijalia. Jioni, bendera ziliposhushwa, nikazifuata moja moja. Nyingine zilikuwa na majani na kinyesi cha ndege. Ya mwisho, iliyokuwa nje ya miti upande wa kulia wa kizimba cha saba, miti inapokaribia, nilipoiinamisha, ikaimba. Punje zilikusanyika pembeni, kiasi cha kujaza kijiko cha chai.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilikuwa nimepima kwamba ni kizimba cha saba. Hapo ndipo kipimo kilipoishia. Lakini mashine ya saba alikuwa anaitega Balbir, na Balbir alikuwa akificha mikono, na mimi nilikuwa nimemngojea miaka. Nikaingia ofisini, watu wote wapo wanakunywa chai, nikaweka sinia mezani.

"Ni Balbir. Ameigeuza mashine. Kisahani kinaruka kulia sana, na bunduki zinakifuata."

Balbir aliweka kikombe chake chini. "Mimi?"

Meneja akaniuliza, "Umepima?"

Nikasema, "Nimeona." Sikuwa nimeona chochote ila mgongo wa mtu.

Meneja alimnyang'anya Balbir funguo za mashine papo hapo. Akamwambia kwamba ikithibitika, ataondoka bila barua ya kumsifu, na fundi asiye na barua katika kazi hii hapati mlango mwingine, viwanja vinafahamiana. Mzee yule wa miaka hamsini na tisa akapewa ndoo, akaanza kuokota maganda kama nilivyoanza mimi. Aliacha kuimba, na mimi nikasema, umeona? Mwenye hatia haimbi.

Jumamosi iliyofuata Meneja aliitega mashine mwenyewe. Akaweka watu wawili kwenye njia ya farasi, mwanzo na mwisho, kuzuia wapita njia. Nikapanga sinia. Jioni, ile ya kizimba cha saba ikaimba tena.

Mwingine angejiuliza kama amekosea. Mimi nikasema huyu mtu anaingia kwa siri asubuhi anaigeuza. Jumapili hiyo nilifika alfajiri, nikajibanza nyuma ya pipa la takataka karibu na kizimba cha saba. Baridi ilinipanda kutoka kwenye magoti. Balbir akaja na ndoo yake na ufagio. Akaokota maganda. Mashine hata hakuitazama. Akaingia kizimbani, akaweka mpini wa ufagio begani kama bunduki, akazungusha kushoto. Mpini ukagonga nguzo. Akazungusha kulia. Mpini ukaenda, ukaenda, ukaelekea moja kwa moja kwenye ile miti yenye sinia yangu, ndipo ukagonga.

Lazima niwaeleze. Kizimba ni fremu ya mbao, na nguzo zake mbili za mbele hazikuwekwa kwa urembo. Ndizo zinazouzuia mtutu usizunguke kupita mpaka. Mpigaji akisisimka hana mpaka kichwani. Mpaka wake ni nguzo.

Balbir akaigonga ile nguzo ya kulia kwa kiganja, bila kugeuka. "Mzee Rajabu, toka nyuma ya pipa. Baridi itakuua na mimi ndio watashika."

Nikatoka.

"Hii nguzo nani alisimamisha?"

Ni mimi. Dhoruba za mwezi wa pili ziliiangusha, na shimo la zamani lilikuwa limejaa maji. Nikachimba jingine pembeni, unyayo mmoja na nusu tu, nikashindilia vizuri, nikajisifu. Sikupima. Unyayo mmoja na nusu kwenye nguzo, kule kwenye miti unakuwa kiwanja kizima cha mpira.

"Ni mimi," nikasema.

Nilitamani atukane, ningejua pa kushika. "Mimi sitasema kwa Meneja," akasema. "Mdomo ilipeleka mimi huko ni yako. Yako itarudisha."

Na hapo, vijana, nawaambia kweli, shetani alinipa mashauri mazuri. Shimo la zamani lilikuwa limekauka. Chepe lilikuwa banda la pili. Nusu saa ningeirudisha nguzo mahali pake, sinia ya Jumamosi ingekuwa tupu, na ningesema nimemtega mwizi akaogopa. Balbir angeondoka, mimi ningebaki na heshima yangu. Alijua nafikiri nini. Aliichukua ndoo yake akaenda zake, akaniacha peke yangu na lile chepe.

Nilimngoja Meneja kwenye maegesho, hata hakuzima gari vizuri. Nikamwambia nguzo ni yangu, shimo ni langu, na lile neno "nimeona" lilikuwa uongo. Hakupandisha sauti. Alifunga kizimba cha saba kwa kamba nyekundu, na siku hiyo ilikuwa ya mashindano, watu wametoka mbali. Kisha akatukusanya wote palepale tulipokunywa chai siku ile, akanipa funguo mkononi.

"Mrudishie."

Nikamrudishia Balbir. Akazipokea kwa mikono miwili, kama mgeni anayepewa maji. Ndoo yake nikaichukua mimi, na niliokota maganda wiki nyingi kuliko alizookota yeye. Niliona ni haki, ingawa wiki ya mwisho nilishuku Meneja amesahau kuhesabu.

Nguzo niliirudisha mahali pake, na tangu hapo kila nguzo iliyoguswa, kila mashine iliyohamishwa, sinia zilitandikwa kwanza. Walikuja wataalamu wa vyeti na kompyuta, wakaulizwa na Meneja, "Mmeongea na Rajabu?" Yule mama wa farasi alirudi kwenye njia yake, na mpaka nastaafu hakuja tena mlangoni. Na mtu akiniambia kiwanja chake ni salama kwa sababu hakijawahi kuleta matatizo, namuuliza ametandika nini upande wa pili. Kama hakutandika kitu, ana bahati tu, na bahati haina nguzo.

Nimestaafu mwaka jana. Walinipa saa ya ukutani. Nilitazama nyuma yake kama ni mpya. Mama Zuhura alizikubali sinia tano baada ya kuzisugua mara saba. Ya sita, ile ya kizimba cha saba, aliikataza jikoni kabisa. Risasi ni sumu, alisema, hata ukiiosha kwa zamzam. Iko mlangoni kwetu, tunawekea viatu vyenye tope.

Balbir huja Jumapili moja moja, mabasi mawili kutoka Winson Green. Nyama yetu ya halali hali, anapikiwa wali wa viazi. Nimemuuliza mara nyingi, siku ile alijua lini kuhusu nguzo: alfajiri ile, au kabla? Anajibu kila mara kitu tofauti, na mpaka leo namshuku. Naye kila akifika, kabla hata ya salamu, anavua viatu, anaiinua ile sinia, anaiinamisha taratibu karibu na sikio.

"Leo imenyamaza," anasema, anaweka viatu vyake juu yake, anaingia.